Injini Isiyogoma

Kufika saa nne asubuhi Jumamosi ile, Nyanjige alikuwa anashinda, alijua anashinda, na hakuwa na mpango wowote wa kuificha furaha yake. Alikaa kwenye chumba walichokodi ghorofani, karibu na stendi ya mabasi ya Bariadi, laptopu mbele yake, akicheka peke yake.

"Cheka tu," alisema Malimi kutoka meza ya pili. "Jioni bado iko mbali."

Hawa wawili ndio waliokuwa wakiitunza Tindo, lugha ya kuandikia programu ambayo Malimi aliianzisha akiwa chuoni. Tindo ilikuwa ya bure na msimbo wake ulikuwa wazi: yeyote aliweza kuusoma, kuubadilisha na kutuma marekebisho, nao wawili wakayapitia na kuamua yapi yaingie. Watu waliipenda kwa sababu maneno yake ni ya Kiswahili na inafanya kazi hata kwenye simu ya bei ya chini. Ila ilikuwa nzito, jamani! Ukiipa kazi kubwa ungeweza kwenda kununua vitumbua, ukarudi, ukaikuta bado inafikiri.

Kwa hiyo Nyanjige alikuwa ametumia jioni zake za miaka miwili kuandika injini mpya, yaani ile sehemu ya ndani inayoziendesha programu zenyewe. Kasi yake ilikuwa ya kutisha. Malimi, mwenye injini ya zamani, aliikataa. "Inakimbia bila kuuliza," alirudia kila siku, bila kuonyesha kosa hata moja, mpaka Nyanjige akamwita mzee wa breki mbele ya kundi zima la mtandaoni. Maneno yakawa makali. Watumiaji wakaanza kunong'ona kwamba Tindo itagawanyika, kila mmoja aondoke na yake.

Nyanjige ndiye aliyetoa wazo la kuumaliza ugomvi Kisukuma. Wagika na Wagalu, yale makundi mawili hasimu ya ngoma, hawakai mezani kubishana nani mkali wa kucheza. Wanaingia uwanja mmoja siku moja, kila upande na ngoma zake na manju wake, na watazamaji wanaamua kwa kusogea: wanakojaa ndiko kwenye ushindi. Basi injini zote mbili ziwekwe kwenye ukurasa wa Tindo asubuhi, kila mtu achukue anayoitaka, na saa kumi na mbili jioni yenye watu wengi ndiyo ibaki. Nyingine itupwe. Malimi akakubali palepale, maana mtoto wa Wagalu hakimbii mashindano.

Na watu walikuwa kwa Nyanjige. Kundi lilikuwa linachemka. Mwalimu Felisita wa Ipililo aliandika kwamba matokeo ya darasa zima yamejumlishwa kabla yeye hajakaa vizuri. Kijana mmoja wa Kisumu akatuma video akiishangilia simu yake. Malimi akajibu mapigo kwa kurusha picha yake ya zamani amevaa njuga na manyoya, na watu wakavunjika mbavu, lakini walicheka huku wanapakua injini ya mwenzake.

Ndipo Bundala akaandika. Huyu alikuwa mtaalamu wa mifugo kule Lalago, mtu mzima, mmoja wa watumiaji wa mwanzo kabisa. Kwa Tindo alikuwa amejitengenezea programu ya kukokotoa dozi ya dawa kulingana na uzito wa kila ng'ombe.

"Hongera mayu Nyanjige. Injini yako haisumbui kabisa. Ile ya zamani ilikuwa inagoma nikisahau kujaza uzito wa ng'ombe. Hii haigomi, inanipa dozi, naendelea na kazi."

Makofi yakamiminika. Nyanjige akaanza kuandika wabeja, yaani asante, kidole kikaishia hewani.

Dozi ya uzito upi?

Akaufungua msimbo wake, na hakuhitaji kutafuta sana. Ili ipate kasi, injini yake ilihifadhi namba kwenye nafasi ileile bila kuifuta kwanza, kama mtu anayepika mboga ya pili kwenye sufuria ambayo hajaiosha. Uzito usipojazwa, ng'ombe alipewa uzito wa yule aliyemtangulia. Ndama akimfuata dume, anapata dozi ya dume.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Na tusimpambe: aliishika simu bila kupiga, akiwaza kumwambia Bundala peke yake, kimyakimya, kisha arekebishe usiku akishashinda. Halafu akawaza ni akina Bundala wangapi hawajaandika chochote. Akapiga.

"Mwangaluka mayu," Bundala aliitikia kwa furaha.

"Bhabha, nisamehe, salamu baadaye. Umeshachoma sindano?"

"Ndiyo kwanza navuta dawa ya kwanza. Nina ndama hapa, vijana wamemshikilia."

"Mwacheni! Injini yangu imekosea!"

Ng'ombe walisikika wakilia.

"Tumemwachia," alisema Bundala. "Wabeja kuniambia."

Nyanjige akaiondoa injini yake ukurasani kwa mkono wake mwenyewe, katikati ya mashindano, akalieleza kundi zima kosa ni lipi na kwamba asiitumie mtu. Miaka miwili ilikuwa imekwenda na maji.

"Umeshinda," alimwambia Malimi bila kumtazama.

Malimi alikuwa ameshasoma. Akaburuta kiti chake mpaka ubavuni mwake. "Nimeshinda nini, na uwanja mtupu? Nionyeshe kosa lenyewe."

Akaliandikia kundi kwamba mashindano yamesimama na wenye macho waje wasome. Wakaja! Waliokuwa wakipiga makofi asubuhi sasa walikuwa ndani ya msimbo, mstari kwa mstari. Felisita akatuma majaribio. Yule wa Kisumu akakamata sehemu nyingine yenye kosa lilelile, ambayo Nyanjige mwenyewe hakuiona. Nyanjige aliandika, Malimi akasoma, akakataa, wakabishana, akaandika upya. Chipsi zilipoa mezani. Nyanjige alikuwa na furaha kuliko asubuhi.

Jioni Bundala akapelekewa injini iliyorekebishwa.

"Usijaze uzito wa yule ndama," Nyanjige alimwambia, simu ikiwa kwenye spika. "Bonyeza tu. Inasemaje, bhabha?"

"Ngoja... Imegoma."

"Imegoma?"

"Inasema uzito haupo. Imegoma kabisa, mayu!"

Malimi aliruka kitini akipiga vigelegele, yeye na ndevu zake. Nyanjige alipiga meza kwa viganja vyote viwili. Kule Lalago vijana wa zizini walisikika wakiuliza kuna nini, kisha wakashangilia nao bila kujua wanashangilia nini.

"Nilichokuwa nabishia miezi yote ni hicho tu," alisema Malimi akihema. "Ijue kugoma."

Akaivuta laptopu yake. Kwenye ukurasa wa Tindo injini ya Nyanjige ikarudi, safari hii mahali pa injini kuu, na chini yake jina la aliyeidhinisha: Malimi. Kisha akaifungua ile ya zamani, akapeleka mshale kwenye neno "ondoa".

"Malimi," alisema Nyanjige polepole, "hiyo ni kazi yako ya tangu chuoni."

"Najua. Usinisemeshe kabla sijabonyeza."