Kigoda Kilikuwa Kitupu

Darasani walimwita Mama Mkubwa, na yeye hakukasirika. Angekasirika vipi? Wanafunzi wenzake wote wangeweza kuwa wanawe, maana yeye aliingia chuoni akiwa na miaka arobaini na miwili, baada ya kushona nguo za watu kwa miaka kumi na tisa. Alisomea ustawi wa jamii, upande wa kusaidia familia. Walipomuuliza kilichomleta, alisema amechoka kuwapima watu viuno huku wakimsimulia mambo ambayo cherehani haiwezi kuyashona. Vijana wakacheka, naye akacheka nao, lakini alikuwa amesema kweli tupu.

Mkufunzi aliyewafundisha kuandika ripoti walimbatiza Kalamu Nyekundu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiye na huruma hata chembe na neno la mapambo. Katika ripoti yake ya kwanza ya mazoezi, Mama Mkubwa aliandika kwamba mama fulani anawapenda sana wanawe. Karatasi ilirudi imechorwa mstari mwekundu, na pembeni imeandikwa: "Upendo umeuona wapi? Ulikuwa umekaa kwenye kiti gani?" Mbaya zaidi, mkufunzi akalisomea darasa zima maneno hayo. Mama Mkubwa alijikaza akatabasamu, ila ilimchoma, na akajiapiza kwamba mstari ule hautapita tena kwenye kazi yake.

"Moyo wako baki nao," Kalamu Nyekundu alizoea kusema. "Mimi nipe mlango, nipe kitanda, nipe sahani, nipe na saa. Andika ulichokiona."

Wala tusimwonee. Alikuwa ameshuhudia ripoti zilizojaa hisia zikiwarudisha watoto kwa watu waliowaumiza. Alichokuwa akifundisha kilikuwa na maana, na ndiyo maana ni vigumu hata leo kumpata wa kumlaumu.

Ukafika muhula wa mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi waligawiwa sare, blauzi ya bluu iliyokoza yenye nembo ya chuo kifuani, wakatawanywa maofisini. Mama Mkubwa alipangiwa ofisi yenye afisa ustawi mmoja tu, kijana aliyezidiwa na majalada mpaka mengine ameyapanga dirishani yakaziba mwanga. Alimwita Mama Mkubwa dada, kwa heshima, na wiki ya kwanza akamkabidhi kesi yake ya kwanza. Jirani mmoja alikuwa amelalamika kwamba kuna mtoto anafungiwa ndani na babu yake, fundi viatu.

Alikwenda Jumatatu. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani. Saa nne kasorobo asubuhi alisimama mlangoni akakuta umefungwa kwa nje kwa ukanda wa ngozi, mafundo mawili. Akachungulia dirishani. Msichana wa miaka kama mitano alikuwa amekaa mkekani peke yake, anapitisha kamba kwenye matundu ya kiatu kikuukuu, ulimi umetoka pembeni kwa bidii. Mbele kidogo, kichochoro kinapopanuka, palikuwa na meza ya fundi, nyundo, kopo la gundi na kigoda. Kigoda kilikuwa kitupu. Alipiga hodi, akasubiri, akatazama saa.

Zilipita dakika tisa. Ndipo akatokea mzee anakokota mguu wa kushoto, mkononi ndoo ya maji iliyokuwa inamwagikia suruali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umesubiri sana? Foleni ya bombani leo haikwenda."

Alitua ndoo, akafungua mafundo kwa meno na vidole. Mtoto alipomwona Mama Mkubwa alikitupa kiatu, akanyanyuka, akaja moja kwa moja akashika pindo la blauzi yake na kulikunja ngumini. Mzee alicheka, halafu kicheko kikamkatikia.

"Usimshangae. Ni hiyo bluu," alisema. "Mama yake, binti yangu mimi, alitoka humu na gauni la bluu, akasema jioni anarudi. Mwaka wa pili sasa. Mwanamke yeyote akipita na nguo ya bluu, huyu Kifaranga anamfuata. Safari ya mwisho nilimkuta kituo cha basi, kashika sketi ya mtu asiyemjua. Sasa mguu wenyewe ndio huu. Nitamkimbiza na nini? Nikienda bombani nafunga. Nikirudi nafungua, nakaa pale kwenye kigoda, macho hapa."

Mama Mkubwa alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda. Zilikuwa kumi na moja. Aliona pia, ukutani, karibu na kitanda, jozi nne za viatu vidogo vilivyoshonwa kwa vipande vya ngozi, kila jozi kubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Mzee alikuwa anamshonea mtoto viatu kabla miguu yake haijakua.

Jioni alikaa kuandika. Aliandika kila kitu: viatu, bombani, bluu, hatua kumi na moja, na kwamba mzee anamjali mjukuu wake kuliko roho yake. Aliposoma mara ya pili, akauona mstari mwekundu kabla haujachorwa. Kujali huko amekuona wapi? Mzee kukaa kwenye kigoda, je, alimwona amekaa? Hakumwona. Alisimuliwa. Hata viatu, nani kamwambia ni vya nani? Akaanza kukata. Alikata kama fundi anayepunguza nguo, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka ikabaki inayombana mteja asiweze kupumua.

Kilichobaki kilikuwa hiki: "Saa nne kasorobo asubuhi, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa ukanda wa ngozi, mafundo mawili. Mtoto wa kike, takriban miaka mitano, alikuwa ndani peke yake. Kigoda cha mlezi kilikuwa kitupu. Mlezi alifika baada ya dakika tisa."

Humo hamna neno moja la uongo.

Kalamu Nyekundu aliisoma mbele ya darasa, polepole, bila kugusa hata nukta, akaandika chini yake: "Hivi ndivyo." Vijana walipiga makofi. Mama Mkubwa alirudi nyumbani anatembea juu juu, akamwonyesha mumewe karatasi, mumewe akaibandika ukutani. Nakala ilikwenda ofisini, kama kawaida ya nakala. Afisa hakuwa na nafasi ya kwenda kuona mwenyewe. Aliipiga muhuri, akaiingiza kwenye jalada, na jalada likapanda kwenye kamati inayoamua mtoto akae wapi.

Wiki mbili zilizofuata Mama Mkubwa alikwenda kwa mzee mara tatu. Mara zote tatu mlango ulikuwa wazi na mzee yuko kwenye kigoda, nyundo mkononi, macho mlangoni. Kifaranga alizoea kumkalia mapajani na kuzungusha kifungo cha blauzi. Mama Mkubwa alikuwa ameanza kufurahia kazi.

Halafu, Ijumaa moja, afisa akampongeza.

"Dada, ripoti yako imetusaidia sana. Ilikuwa fupi, kamati haikubishana hata kidogo. Alhamisi ijayo mtoto anahamia makao ya watoto."

Mama Mkubwa akavuta kiti. Akaeleza yote aliyoyakata, maneno yakimtoka ovyo ovyo: bombani, mguu, viatu, mama aliyeondoka. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu.

"Sasa mbona hukuyaandika?"

Alisema tu, "Naomba niifute."

"Ikishapigwa muhuri haifutwi. Inaongezewa. Andika nyongeza, mkufunzi wako aisaini, niipeleke. Ila nikwambie ukweli, kamati itakaa tena baada ya miezi mitatu."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi ni Alhamisi, dada."

Alikwenda kwa Kalamu Nyekundu siku hiyo hiyo. Mkufunzi alisoma nyongeza amesimama, kalamu imefungwa. Safari hii kila kitu kilikuwa kimeonwa: tarehe za safari zote tatu na saa zake, mzee kwenye kigoda, hatua kumi na moja, viatu jozi nne vinavyopanda ukubwa. Maelezo ya mlezi alikuwa ameyaandika kama maelezo ya mlezi, pamoja na habari ya nguo ya bluu. Mkufunzi alisaini. Kisha akaifunga tena kalamu.

"Maneno ya mlezi ni kitu ulichokisikia," alisema. "Yana nafasi yake kwenye ripoti. Sikuwahi kuwafundisha hilo vizuri?"

"Sijui, mwalimu."

"Hata mimi sijui," alisema, akamrudishia karatasi.

Jumatano afisa alimwita. Nyongeza ilikuwa mezani, mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu chini. Mama Mkubwa alipouona wino ule, moyo ulimruka kwa matumaini, akadhani imesomwa.

"Hii imekuja wakati mzuri," afisa alisema. "Huwa nachukia kuwaburuta watoto. Wanalia, majirani wanajaa, mzee mwenyewe anaaibika. Kumbe huyu anamfuata mwanamke mwenye nguo ya bluu. Basi kesho twende wote. Vaa sare."

"Mimi siwezi."

"Usipokwenda nitakwenda na mgambo. Chagua wewe."

Akachagua, kama hilo ni kuchagua.

Alhamisi gari liliegeshwa mwanzo wa kichochoro, kwa kuwa halikuweza kuingia. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa kwenye kigoda, amevaa shati lililopigwa pasi, mezani hakuna kiatu hata kimoja. Alikuwa ameambiwa tangu juzi. Mfuko wa nguo za mtoto ulikuwa miguuni pake, na zile jozi nne za viatu zilichomoza juu, zimefungwa pamoja kwa kamba.

Mama Mkubwa hakuhitaji kumwita mtoto. Kifaranga alimwona, akatoka mbio, akashika pindo la bluu kisha mkono, akawa anamvuta kuelekea barabarani kwa furaha ya mtu aliyengoja mno. Wakapita mbele ya mzee. Mtoto alimpungia kwa mkono mmoja, haraka haraka, kama anayekwenda dukani na kurudi.

Mama Mkubwa alitaka kusema pole, akaona neno hilo halimtoshi hata mtu aliyejikwaa.

"Nisamehe, babu."

Mzee hakumtazama mtoto, alimtazama yeye. "Leo umenikuta kwenye kigoda," alisema taratibu. "Liandike na hilo, mwanangu."

Garini afisa alimpa fomu ya mwisho, ya kumhamisha mtoto. Kifaranga alikuwa amemlalia, kidole kwenye kifungo, anatazama nje kila wanapokaribia kituo cha basi. Fomu ilikuwa na maswali machache. Mtoto alilia? Alipinga? Aliondoka kwa hiari? Mama Mkubwa alitafuta chini, akageuza nyuma, akatafuta pembeni. Hapakuwa na mahali pa kigoda.

Akaandika alichokiona. Hakulia. Hakupinga. Aliondoka kwa hiari.