Nipo Nipo Tu

Saa moja asubuhi fundi wa kola alikuwa amekaa mlangoni kwake, kavaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kazini, hana pa kwenda. Kiwanda cha mashati kilikuwa kimempunguza baada ya miaka ishirini na mbili, kwa barua ya mistari mitatu. Jirani yake, muuza mkaa, akapita.

"Vipi, za siku hizi?"

"Nipo nipo tu."

Sikio lake la kushoto likatoweka.

Hakupiga kelele. Kila aliyemuuliza alijibiwa vilevile, maana ndivyo watu tunavyojibu, na kila alipojibu kilipungua kiungo. Ilipotimia miezi mitatu likabaki shati na suruali tu, na mkewe akawa anapapasa kiti kwanza asije akamkalia.

"Upo?"

"Nipo."

"Haya." Mkewe akala huku akitazama ukuta. Fundi alikuwa na hamu naye, naye yuko mbele yake mezani. Upweke wa namna hiyo usikie tu kwa mwenzio.

Siku moja mwalimu wa nyumba ya pili alileta shati lililochakaa kola. Fundi aliifumua kwa vidole visivyoonekana, akaigeuza upande usiochakaa ukatokea nje, akaishona upya. Alipokata uzi, vidole vyake vilikuwa vimerudi, na sugu zake zote. Habari zikaenea, zikaja kola za mtaa mzima, na mikono ikarudi mpaka mabegani. Kwenye kola ya arobaini kidevu kikaanza kuonekana, hakijanyolewa. Alichotaka ni uso tu, mkewe amtazame.

Muuza mkaa akaja kuchukua shati lake. Akaligeuza huku na huku, akaridhika.

"Mikono unayo, bwana. Na kazi je? Bado hujapata?"

Fundi alifungua mdomo aseme anageuza kola. Mazoea yakamtangulia.

"Nipo nipo tu."

Kidevu kikaenda zake.

Jioni mkewe alirudi kutoka kazini, akavuta kiti karibu naye kwa mara ya kwanza tangu ije ile barua. Akamsimulia ya kutwa nzima: foleni, kiatu kilichong'oka kisigino, bosi mpya anayepiga chafya kila akisema uongo. Akacheka mpaka machozi. Fundi naye akacheka, akatabasamu meno yote nje. Mkewe alikuwa ameinama, akiongea na mikono ya mumewe.