Lebo ya Dhahabu kwenye Ulimi wa Kiatu

Siku tano kabla ya mchujo, shemeji yangu alimletea binti yangu raba. Aliliweka boksi jeusi mezani kwangu, akalifungua taratibu kama anafunua bibi harusi.

"Toleo maalumu," akasema. "Zimetoka pea mia tano tu. Vaa hizi uone. Wenzako wataona kisogo chako tu."

Mwanangu akamrukia kwa furaha. Mimi niliangalia lebo ya dhahabu kwenye ulimi wa kiatu: "Retro". Mwaka wa pili huo nauza kwenye duka la shemeji, mume wa mdogo wangu, na wateja wote nimewaambia neno hilo maana yake ni bora kuliko zote. Ndivyo alivyonifundisha. Lakini siku hiyo roho ilikataa. Mchujo ulikuwa wa mita elfu tano, wanachukuliwa watatu kusomeshwa bure chuo cha michezo, na mwakani mwanangu angekuwa amepita umri. Sikuwa tayari kubahatisha.

Asubuhi nilivuka barabara hadi kwa fundi viatu, mama mwenye domo kali aliyefanya kazi kiwanda cha raba miaka kumi na minne.

"Retro?" Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Huyo ni bibi kavalishwa gauni jipya. Modeli ya zamani, imerudishwa kwa wanaopenda sura yake. Soli ni ileile ya enzi hizo. Ya kutembelea mjini."

"Na 'Limited', iliyoandikwa kwenye boksi?"

"Wametengeneza chache makusudi, mgombanie. Mambo ya mbio hayamo."

"Na zile zenye kibandiko cheupe, 'Sample'? Shemeji anazitupa kwenye kapu la mbovu."

Akaacha kucheka. "Mbovu? Dada, sampuli ndiyo pea ya kwanza kiwandani. Inashonwa wakubwa waikague kabla mashine hazijawashwa. Kwetu zilitoka saizi moja tu. Mwanao anavaa ngapi?"

Nikamtajia.

"Ndiyo hiyohiyo. Sasa umesimama hapa unangoja nini?"

Kapu lilikuwa na pea kumi na moja. Kumi zilikuwa za mpira wa kikapu, nzito, shingo ndefu. Ya mwisho ilikuwa ya mbio, kijivu, haina mvuto hata kidogo. Nikailipia, kisha nikaibeba pamoja na ile ya dhahabu hadi kwa muuza mboga mwenye mizani. Kiatu kimoja cha dhahabu, gramu mia nne na kumi. Cha kijivu, mia mbili na tano. Muuza mboga akaniuliza kama nitaviunga na vitunguu.

Mwanangu hakucheka. "Mama, hizi kama viatu vya wodini. Na ba'mdogo je? Atanuna."

"Anune. Twende uwanjani."

Alikimbia mizunguko minne na zile za dhahabu, mimi nimeshika saa. Akapumzika, akakimbia minne mingine na za kijivu. Miguu ilikuwa imeshachoka, lakini aliokoa sekunde saba. Nilimwonyesha saa. Akaanza kukaza kamba za zile za kijivu.

Siku ya mchujo shemeji alifika mapema, simu mkononi, anatafuta picha ya kubandika dukani. Mizunguko miwili ya mwisho mwanangu alikuwa wa tano. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Akampita mmoja kwenye kona, na hatua chache kabla ya mstari akampita mwingine kwa kifua. Wa tatu! Nililia mbele za watu na wala sikuona haya.

Shemeji alikuwa ameshapiga magoti kupiga picha viatu. Alipoona kijivu, akashusha simu.

"Zile zangu ziko wapi?"

"Nyumbani, kwenye boksi lake."

Akasimama, akajipangusa vumbi magotini. Alimwangalia mwanangu aliyelala chali kwenye nyasi akihema, akaniangalia mimi.

"Basi zirudishe dukani, shemeji. Kuna binti anazililia. Naye ana mbio mwezi ujao."

"Nitazirudisha," nikamwambia. "Lakini huyo binti akija, nitamhudumia mimi."