Miguu ya Abundio Siku ya Ijumaa Kuu

Mume wangu Abundio alikuwa fundi wa mazulia, yale ya vumbi la mbao lenye rangi tunayoyatandaza barabarani Ijumaa Kuu, ili sanamu ya Bwana ipite juu yake mabegani mwa wanaume. Alikuwa mbebaji pia. Akishamaliza zulia la mlangoni kwetu, alivaa kanzu ya zambarau, akaingia chini ya boriti ya jukwaa la sanamu, akabeba hadi kona ya duka la mikate. Kipande hicho cha njia kilikuwa chake tangu ujana, na kabla yake kilikuwa cha baba yake.

Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Alitoka nyumbani vizuri, lakini kabla ya kufika sokoni nyayo zilikuwa kama za mtu mwingine. Hapo aliketi kwenye ngazi ya mlango wowote, akajifanya anafunga kamba za viatu. Majirani walimtania kwamba Guatemala nzima hakuna viatu vinavyofunguka kama vya Don Abundio.

Mdogo wake Ubaldo, mwenye jibu kwa kila jambo, alisema kosa ni la zulia. Mtu amejikunja kifudifudi juu ya ubao uliovushwa juu ya zulia miaka yote, akinyunyiza rangi chini, mgongo utakosaje kuharibika? Sote tulimwamini, maana kwetu mzee akilalamika mgongo, jambo la kwanza analoulizwa ni ametandika mazulia mangapi. Kwaresima ilipoanza tukamnyang'anya ubao, tukauegemeza kwenye banda la kuku. Ubaldo akawa anakuja asubuhi kumtembeza, amemnyoosha kama askari.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Jumapili moja miguu ilimwacha mbele ya kanisa, akaanguka watu wakimwangalia. Ubaldo alimwinua, akamfuta vumbi bila mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililonitisha.

"Leocadia," Abundio aliniambia tulipofika nyumbani, "nikianguka chini ya boriti, nitamwangusha Bwana pamoja na wenzangu. Lakini nikibaki ndani mwaka huu, sidhani kama nitatoka tena."

Nilisali rozari, na mara mbili nikapotea katikati.

Binti yetu Nohemí alitupeleka mjini kwa daktari wa mgongo, mama mmoja mpole aitwaye Izaguirre. Kabla ya kuomba picha yoyote, alimwuliza Abundio ni wakati gani miguu yake huwa hai. Abundio alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Nikiwa juu ya ubao wangu, Daktari. Nikiliinamia zulia, nahisi hadi kucha."

"Na huo ubao uko wapi?"

"Siku hizi unakaa na kuku."

Daktari alicheka kidogo, kisha akatueleza. Ndani ya uti wa mgongo mna njia ambamo mishipa ya fahamu hupita, na ya Abundio ilikuwa imebanwa na uzee. Akinyooka, ilizidi kubana. Akiinama, ilifunguka kidogo. Zulia halikumharibu. Lilikuwa pumziko lake. Picha zilipotoka zilionyesha pamebana mahali pamoja tu, hivyo angeweza kupanuliwa njia hiyo kwa upasuaji mdogo, aingie asubuhi na jioni alale kwake. Lakini hakutuahidi miujiza. Alisema sehemu ya ganzi huenda isiondoke, na kwamba mwaka huu Abundio asibebe kitu wala asiiname.

Ubaldo hakuridhika. "Mgongo unafunguliwa asubuhi, jioni uko nyumbani? Hata tamale za Krismasi zinakaa motoni zaidi, kaka."

Hata hivyo siku yenyewe alikuja hospitali, na tamale kwenye kikapu, unga wa mahindi uliofungwa majanini, ambazo hakuna aliyezila. Nilikaa na kofia ya Abundio mapajani. Sala zangu zote zilinikimbia ila moja: Bwana, yeye amekubeba sana, leo mbebe wewe.

Alasiri muuguzi alimsimamisha kando ya kitanda, miguu mitupu, akiwa amenyooka. Nilisubiri atafute kiti kwa macho, kama alivyozoea. Hakutafuta. Alitazama chini, kisha akasema, "Sakafu hii ni ya baridi."

Nohemí alianza kulia. Mimi nilifanya ishara ya msalaba na kumtafutia soksi.

Ijumaa Kuu aliyejikunja juu ya ubao alikuwa Ubaldo. Abundio alisimama juu yake, mikono nyuma, akimwelekeza wapi njano na wapi zambarau, na Ubaldo akanung'unika kwamba afadhali wangemwacha na kuku. Bwana alipofika mlangoni kwetu kati ya moshi wa ubani, Ubaldo ndiye aliyeingia chini ya boriti, mahali pa kaka yake. Abundio, ndani ya kanzu yake, alitembea kando. Mimi nilifuata nyuma, macho yangu kwenye visigino vyake. Ngazi za milango zote tulizipita.

Kwenye kona ya duka la mikate Ubaldo alimpokeza mwenzake boriti, akatoka akihema. Abundio alikuwa amesimama wima, na safari hii kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka kweli. Alinyoosha mguu.

"Dole gumba bado limelala," alisema, "lakini hayo mengine yote yamefika."

Ubaldo alipiga magoti juu ya mawe, akamfungia kamba.