Masikio ya Manju Mashimba

Mimi Sada sijui kunyamaza, muulize yeyote pale Nyakato, Mwanza. Lakini kuna jambo moja nililinyamazia miaka na miaka kwa sababu niliahidi, na mwaka 1997 jambo hilohilo nusura liifunge karakana yangu.

Karakana ilikuwa kwenye kona ya kiwanda kilichobinafsishwa kikalala. Tulitengeneza vipokezi vya masikioni visivyo na waya, kila sikio na chake, havijaungana. Waya unazungushwa ukumbini tu, nao ndio unaorusha sauti hewani mpaka sikioni, kwa hiyo anayevaa anasikia sauti ya kipaza sauti kilicho mbali kama vile mtu anamnong'oneza. Makanisa yenye wahubiri wa kutafsiriwa yalinunua, wazee wenye masikio mazito walinunua. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila mtu anauza chake, na mimi nikasema haya, twende kazi.

Ndipo akaja wakili wa kampuni moja ya Dar es Salaam, suti nzito na jua lile la Mwanza. Akaniambia kampuni yake ina hataza ya vipokezi hivyo, yaani haki ya kuwazuia wengine wote wasivitengeneze, na maombi waliyapeleka mwaka 1995. Nifunge, la sivyo tutakutana mahakamani. Nilimcheka mbele ya mafundi wangu. Mimi vya kwanza nilivitengeneza mwaka 1988, nikamwambia aende akawaambie hivyo waliomtuma.

Nikaweka pingamizi, na ofisa wa hataza aliyeitwa Bwana Alexander akatumwa kuja kulisikiliza. Mtu mpole, ila hayumbishwi.

"Kutengeneza tu hakutoshi, dada," aliniambia. "Nionyeshe kwamba watu walikiona kikifanya kazi kabla ya hao kuomba. Kitu kilichokwisha kuwa wazi kwa watu, hakuna anayeweza kuja kukidai ni kipya. Ila kama ulikificha, hapo siwezi kukusaidia."

Nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma, kwa sababu vile vya kwanza nilimtengenezea Mzee Mashimba.

Mashimba alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, na Usukuma manju ni mtu mkubwa. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kundi linalovuta watazamaji wengi ndilo limeshinda. Mwaka ule wa 1988 Mashimba aliugua malaria, akachomwa kwinini nyingi, akaamka hasikii kitu. Manju asiyesikia ngoma yake mwenyewe! Akaja kwangu mchana kweupe, ananiandikia kwa vidole hewani kama bubu. Nikafungua vile vifaa vya viziwi walivyoleta wamisionari, nikavifumua, nikavipunguza vikaingia ndani ya sikio. Kwenye uwanja nikazungusha waya chini ya vumbi, na kipaza sauti nikakiweka kando ya ngoma kubwa. Aliposikia ngoma inalia, mzee wa watu aliangua kilio. Akaniapisha nisimwambie binadamu yeyote kwamba hasikii.

Watu walipoona ana vitu masikioni wakasema ni dawa ya kuvutia watazamaji. Yeye akawaacha waseme. Kushinda kwa dawa ni heshima kwao, kila manju anayo ya kwake.

Basi nilimfuata kwake Nyegezi. Sebuleni nilishamfungia waya wa kuzunguka chumba, kwa hiyo tulizungumza vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo wa nini?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Ukisema sisikii umenizika, Sada. Watanicheka mpaka watoto wa shule."

"Mzee, nina mafundi wanaonitegemea. Wana watoto."

"Najua. Lakini uliapa."

Nilichemka, sitaki kudanganya. Nikamwambia yeye ni mbinafsi, kwamba bila mimi angekuwa analima viazi sasa hivi. Nikaondoka bila kunywa chai yake, na njiani nikaona haya kwa maneno yale.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Nilijiambia hivi: sheria inataka watu wawe waliviona, haijauliza mvaaji ana ugonjwa gani. Na aliyeviona kuliko wote alikuwa Malimi, manju wa kundi la upande wa pili, hasimu wa Mashimba tangu ujana wao. Kwenye ngoma za sikukuu ya Sabasaba mwaka 1989 Malimi alishindwa, akapandwa na hasira, akamchomoa Mashimba kipokezi kimoja sikioni mbele ya umati mzima. Akakiinua juu watu wakione, halafu akakiuma kwa meno aone ni mzizi gani.

Nikavuka kivuko cha Busisi kumtafuta. Malimi alikubali kabla sijamaliza kueleza.

"Nitakuja na kundi langu lote," alisema. "Na mimi nilitengeneza vyangu mwaka uleule. Vizuri kuliko vya kwake."

Nilirudi naimba. Nikajiona wakili kuliko wakili mwenyewe.

Kikao kilifanyika katika ukumbi mmoja mjini. Nilikuwa nimezungusha waya wangu ukutani na kuweka kipaza sauti mezani, ili Bwana Alexander aone jinsi vipokezi vinavyofanya kazi. Kundi la Malimi lilijaa upande mmoja. Mara mlango ukafunguka, akaingia Mzee Mashimba na kundi lake, vipokezi vyake vya zamani masikioni. Alikuwa amesikia kwamba Malimi anakuja kumsemea, na hilo hakuliweza. Kundi lake likakaa upande wa pili.

Malimi akatoa ushahidi wa Sabasaba, akaonyesha kipokezi cha kushoto cha Mashimba na alama ya jino lake. Watu wa pande zote mbili wakaitikia kwamba ni kweli, walikuwepo, waliona. Kisha akatoa mfukoni vile alivyotengeneza yeye, akaviweka mezani kwa majivuno. Vilikuwa vya mti, vimepakwa rangi nyeusi.

Wakili alitabasamu akasimama.

"Mheshimiwa, shahidi aliyeshika kitu hicho mkononi alidhani ni dawa, akachonga mti. Umati wote ulidhani ni dawa. Basi umma uliona hirizi, haukuona chombo cha kusikilizia. Na mtu mwenye masikio yake mazima angevaa chombo cha kusikilizia cha nini?"

Bwana Alexander akanigeukia. "Bi Sada, unalo jibu?"

Nilikuwa nalo, kwenye ulimi wangu, linawasha kama pilipili. Nikafikiria mafundi wangu, nikafikiria kile kiapo, nikauma midomo. Nikasema, "Sina, mheshimiwa." Machozi ya hasira yalinitoka na sikuyafuta.

Mzee Mashimba aliyaona. Kisha akainuka, akaenda mpaka mezani, akachomoa vipokezi vyote viwili, akavifuta kwa shati lake na kumkabidhi ofisa.

"Vaa," alisema. "Mwambie yeyote anong'one kwenye hicho kipaza sauti."

Bwana Alexander akavaa, akaenda kusimama kule mwisho wa ukumbi. Niliinama nikanong'ona jina lake na jina la kampuni ya Dar es Salaam. Akayarudia yote mawili kwa sauti, uso umemng'aa kama mtoto. Kisha akarudi mezani.

"Mzee Mashimba, sasa nieleze mwenyewe. Ulikuwa unavivaa kwa nini?"

Mashimba alikuwa anatazama dirishani. Ofisa akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi. Mzee hakugeuka. Ukumbi ukaanza kuelewa, benchi moja baada ya jingine, na mimi nikatamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Aliyesimama ni Malimi. Alimwendea ofisa, akaomba vile vipokezi kwa mikono miwili. Akamshika bega hasimu wake, akamvalisha kimoja, akamvalisha na cha pili, taratibu, kama anamvika mtoto. Kisha akainamia kipaza sauti.

"Mashimba, wanauliza ulikuwa unavivaa kwa nini."

"Nilikuwa sisikii," alisema Mashimba. "Tangu ile malaria. Ile Sabasaba ulishindwa na kiziwi, Malimi."

Bwana Alexander alikuwa tayari anaandika kwamba kilichoinuliwa mbele ya umati kilikuwa chombo cha kusikilizia na si hirizi, na kwamba kilikuwa wazi kwa watu wa Mwanza tangu mwaka 1989, na wakili alikuwa anafunga mkoba wake. Karakana ilikuwa imepona. Lakini mimi sikuwa nawatazama hao. Nilikuwa namtazama Malimi, aliyewageukia watu wake na wa Mashimba, akawapitia macho mmoja mmoja, akisubiri kuona nani atacheka. Hakucheka mtu.