Ndoo ya Baba Doris

Mume wangu Yoramu anatema mvinyo. Nalisema mapema, kwa sababu wageni wakija hapa kwetu Mbokomu wakamkuta barazani na glasi, pua ndani, macho amefumba, wanadhani wameona mlevi. Wakimwona anatema kwenye ndoo wanadhani wameona kichaa. Mlevi si yeye. Hilo la pili bado nalichunguza.

Ulevi alikuwa nao zamani, siwezi kudanganya. Alikuwa mpishi wa mlimani, anapanda na wazungu anawapikia supu, akishuka bahashishi yote inaishia kilabuni kabla hajafika nyumbani. Siku moja Doris, binti yetu wa pekee, bado anavaa sare ya shule ya msingi, alimkuta baba yake amelala kwenye mfereji wa kumwagilia migomba, maji yanampita miguuni. Mtoto akarudi nyumbani, akachukua toroli la majani ya ng'ombe, akaenda kumzoa. Alimsukuma kijiji kizima kinatazama. Kesho yake Yoramu alikaa kitandani akalia, akamwambia, "Mwanangu, pombe sitaimeza tena." Na hakuimeza. Hata kanisani anapokea mkate, kikombe anakipisha.

Sasa angalia ujanja wa kijinga wa mwanaume. Msafara wake wa mwisho kabla hajastaafu, mzee mmoja wa Kiholanzi aliwaita wapishi na wapagazi hotelini mjini ili awaage. Akaagiza chupa za mvinyo. Akawa anazungusha glasi, ananusa, anasukutua, halafu anatema kwenye ndoo ya barafu. Yoramu akaulizia kulikoni, akaambiwa wajuzi wa mvinyo ndivyo wanavyofanya, wanaonja nyingi bila kulewa. Alirudi nyumbani uso unang'aa kama mtu aliyetoka kwenye mkutano wa injili. Akaniambia yeye aliahidi kutomeza. Kutoonja hakuahidi.

Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, mimi ni mwimbaji wa kwaya. Nikamwambia siku tone moja litakaposhuka kooni, mimi naenda zangu Chekereni kwa kaka yangu nikalime mpunga, na ng'ombe naondoka naye. Akakubali masharti yote, halafu akaenda kuchukua ndoo yangu ya kukamulia akatemea humo. Maziwa ya jioni ile yaliganda kabla hayajafika jikoni. Ikabidi nimnunulie ndoo yake pale sokoni Kiboriloni ninapouzia ndizi, ya bluu, yenye mfuniko, ili tujue ipi ya ng'ombe na ipi ya bwana mkubwa.

Nilikuwa nakaa naye kila anapoonja. Watu walidhani ni mapenzi. Nilikuwa naangalia koromeo lake. Akitia funda mdomoni macho yangu yako shingoni kwake, akishatema napumua. Alichotema tulimwagia mgomba ulio karibu na mlango, na mgomba ule, nisiseme uongo, unazaa kuliko yote kihambani, hapo kwenye shamba letu la nyumbani. Labda na wenyewe umelewa.

Basi Doris akakua, akapata kazi mjini, akapanga chumba mtaa wa Soweto, na kila akija kututembelea anamkuta baba yake anahutubia kuku kuhusu mvinyo. Siku moja akamrekodi kwa simu akamrusha mtandaoni. Wakakipa kipindi chao jina Mvinyo wa Mnyonge. Sheria yao ilikuwa moja tu, kwamba wataonja mvinyo ambao mtu wa kawaida anaweza kununua bila kuuza mbuzi. Mvinyo wa boksi, mvinyo wa rosela, mvinyo wa ndizi, na ule wa Dodoma unaofungwa kwa kizibo cha kuzungusha. Maksi anatoa kwa ndizi, moja mpaka tano. Mvinyo mmoja mweupe alisema una harufu ya daftari jipya, akaupa tatu. Mwingine mwekundu alisema hata mama mkwe wake asingempelekea, na mama mkwe wake ni mama yangu mimi, kwa hiyo wiki ile alipika mwenyewe.

Watu walimpenda, jamani. Sokoni nikawa naitwa mke wa Mnyonge. Wachungaji wananiuliza kwa sauti ya chini upi mzuri kwa wageni. Tatizo ni kwamba Doris alikuwa anaikata ile sehemu ya kutema. Alisema inachefua, watu wanatazama huku wanakula. Kwa hiyo dunia ilimwona Yoramu anatia mvinyo mdomoni, anafumba macho, halafu anatabasamu. Kilichotokea katikati tulikijua mimi, Doris, ndoo na mgomba.

Ndipo akaja Mathew. Kijana wa Kibosho, Mkatoliki, bwana shamba wa kahawa, mpole mpaka unatamani kumfinya. Doris alimpenda mpaka akaanza kunywa kahawa bila sukari. Watu wa Kibosho wakasema wanakuja kuposa, na sisi tukajua kwamba kabla ya kuposa watu huulizana habari za ukoo: kuna wizi, kuna kifafa, kuna ulevi? Doris hakuwa amemwambia Mathew habari za toroli. Aliniomba, analia, nisiliseme, kwa sababu alikuwa ameishi utoto wake wote akiitwa mtoto wa yule wa kwenye mfereji, na hakutaka kwenda kuitwa hivyo hata huko Kibosho. Mimi ni mama. Nikamwambia halitoki mdomoni mwangu.

Lakini mbege je? Kwetu posa ni mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Wanaoposa wanaipika na kuileta, aliyeipika anaonja wa kwanza mbele ya watu, kuonyesha kwamba haina kitu ndani, halafu kata, kile kibuyu cha kuchotea, inakwenda kwa baba wa binti. Baba akinywa, binti ameolewa nusu. Baba akikataa, maana yake ameona kitu ndani ya mbege, au ameona wageni si watu. Hakuna maana ya tatu.

Nikapanga na Eliudi, mdogo wake Yoramu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo na hajawahi kuikataa kata yoyote tangu azaliwe. Aseme kaka yake ana vidonda vya tumbo, daktari amemkataza, kwa hiyo yeye atakunywa kwa niaba. Uongo safi, hauna madhara kwa mtu. Ndoo nikaificha chumbani chini ya kitanda.

Siku ikafika. Wageni wakaja mchana na pipa la mbege. Baba yake Mathew, Mzee Primus, alishuka kwenye gari kwa kushikwa mkono, na si kwa uzee, harufu ya kilabu ilimtangulia. Mke wake, Mektrida, ndiye aliyeipika ile mbege, mama mwembamba mwenye mikono ya kazi, amevaa kitenge kipya na wasiwasi. Alinieleza mlangoni kwamba ndizi alizivundika mwenyewe, ulezi ameuotesha mwenyewe, na usiku hakulala kwa kuogopa isichache. Nilimpenda palepale. Nikaona Doris ataangukia pazuri.

Tukasalimiana, tukaomba, tukala kiburu cha ndizi na maharage, na nyama. Mektrida akafunua pipa, akachota, akaonja mbele yetu, akafuta kata kwa kiganja, akampelekea Yoramu kwa mikono miwili. Eliudi akasimama na vidonda vyake vya tumbo. Alivieleza vizuri mno, mpaka na jina la dawa. Mzee Primus akamsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa simu mfukoni, akaipekua kwa kidole kimoja, akatuonyesha. Yoramu huyo, barazani kwetu, anatia mvinyo mdomoni, anafumba macho, anatabasamu. Ndizi nne.

"Mvinyo wa dukani anakunywa dunia nzima inamwona," akasema Mzee Primus. "Ni mbege ya mke wangu tu ndiyo inamtonesha kidonda?"

Ruwa wangu, Mungu wangu. Eliudi akakaa. Mathew akamtazama Doris, Doris akanitazama mimi, mimi nikatazama zulia. Mektrida bado ameinama na kata mikononi.

Yoramu akaipokea. Akapiga funda. Akasukutua, kwa mazoea, watu wakidhani ni mbwembwe. Kisha akabaki hivyo, mashavu yamejaa, hamezi wala hatemi, ananitazama. Macho yangu yakaenda shingoni kwake kama siku zote. Niliona kabisa anataka kumeza. Angemeza kwa ajili ya Doris, na kwa ajili ya Doris huyohuyo hawezi kumeza. Machozi yakaanza kumtoka mashavu yakiwa yamejaa vilevile, na wageni hawakujua waangalie wapi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika ndoa hii.

Akaweka kata juu ya stuli, akanyanyuka, akatoka nje. Mlango ulikuwa wazi. Wote tulimwona anainama kwenye ule mgomba wake na kutema.

Mektrida alichukua mfuniko akaanza kulifunika pipa, polepole, kama mtu anayefunika maiti. Mzee Primus akaanza kutafuta kofia yake. Mathew alisimama katikati ya sebule hajui aende upande upi. Doris alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanaruka.

Hapo hasira zikanipanda. Nilimkasirikia Primus na simu yake, nikamkasirikia Eliudi na jina la dawa, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuficha ndoo. Kidogo nimkasirikie na yule Mholanzi. Nikaenda kwenye stuli, nikaichukua kata. Mimi, ukiacha kikombe cha kanisani, sikuwahi kuonja kilevi maisha yangu yote, na mama mchungaji alikuwa amekaa pale kwenye kochi la kushoto. Nikainua kata nikainywa yote, mpaka ulezi wa chini ukaniingia puani.

Nikasubiri kidogo, maana ilikuwa inaamua kama ishuke au ipande. Ikashuka. Nikafunga macho kama nilivyomwona mume wangu akifunga, nikafungua.

"Rangi ni ya udongo wa kihamba baada ya mvua," nikasema. "Harufu ni ndizi mbivu zilizosahaulika kabatini. Mdomoni inaanza kwa utamu, mtu unajisahau, halafu ule uchungu wa mwisho unaingia kama wifi aliyechelewa kwenye shughuli. Mama Mathew, ndizi tano kati ya tano. Aika, asante."

Hakuna aliyecheka. Na mimi nilikuwa sijamaliza, joto lilikuwa limeshanipanda masikioni. Nilikwenda chumbani, nikavuta ndoo chini ya kitanda, nikaja kuiweka katikati ya sebule mbele ya watu wote.

"Baba Doris hana vidonda vya tumbo. Huo uongo nimeutunga mimi, shemeji Eliudi kaongezea dawa. Baba Doris alikuwa mlevi. Aliacha. Huo mvinyo mnaomwona nao kwenye simu wote unaishia humu, hajameza hata tone, nimemkalia shingoni mimi mwenyewe. Hajakataa mbege yako, mama. Amekataa kurudi mferejini."

Nikamwangalia Doris kumwomba radhi, maana nilikuwa nimevunja neno langu. Akashusha mikono mdomoni. Uso ulikuwa umelowa lakini sauti haikutetemeka.

"Nilimsukuma mimi," akamwambia Mathew. "Kwa toroli. Hapo barabarani mlipopita."

Yoramu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, anajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Mathew akamwendea. Nilidhani anatoka zake nje. Kumbe alikwenda kumshika mkono, akamwamkia shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana leo, akamrudisha kwenye kiti chake. Kisha akakaa sakafuni karibu na Doris. Bwana shamba yule, nimesema ni wa kufinywa.

Ikabaki kwa wazazi. Mzee Primus alikuwa ameipata kofia lakini haivai, anaizungusha tu. Mektrida aliacha mfuniko, akaja mpaka kwenye ndoo, akainama akaitazama vizuri, nje na ndani. Akauangalia mshikio wake. Halafu akageuka akamtazama mume wake, kwa muda mrefu, na Mzee Primus akaanza kuchunguza bati la nyumba yetu kana kwamba analinunua.

Mektrida akarudi kwenye pipa, akalifunua, akachota kata nyingine. Hakuipeleka kwa Yoramu wala kwa mumewe. Aliniletea mimi, kwa mikono miwili, na nilipoipokea akainama sikioni kwangu.

"Mama Doris," akaniuliza, "hii ndoo mliinunua wapi?"

Nikamwambia Kiboriloni, kwa jirani yangu pale ninapouzia ndizi, na nikienda soko lijalo nitamchukulia.

Akamtupia tena jicho mume wake.

"Chukua kubwa," akasema.