Jina la Edith Kwenye Kadi

Kaltum Noor huandika kadi za harusi kwa mkono. Chumba chake kiko mjini Homa Bay, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na watu humjia hata kutoka Migori kwa sababu hakupi kadi ambayo harusi nyingine imeshaitumia. Anakukalisha, anakuuliza mambo yenu, kisha anakukatia vipande vya karatasi za rangi na kuandika wazo lake kando ya kila kipande.

Valary alikuja na mama yake, Edith, kutoka Sindo. Alikuwa anaolewa na Elkana, mwalimu wa upande wa Kehancha. Baba yake Valary alifariki yeye akiwa bado mdogo, na Edith akamsomesha mpaka uuguzi kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani.

Kaltum alipoweka mezani kipande cha zambarau hafifu, Edith alicheka.

"Hayo ni maua ya gugu maji, nyathina, mwanangu. Limetufungia ziwa mwaka mzima, halafu nilivae kanisani?"

Wakaishia kwenye wekundu wa mtama ulioiva na rangi ya fedha, ile ya omena iliyokauka vizuri. Kaltum akaandika kando: "Maneno yawe ya mtama, ukingo uwe wa omena. Mama ndiye anayealika." Chini yake akaliandika jina lenyewe, polepole: Edith Auma Ondiek. Edith aliinama akaliangalia, akapangusa kidole kwenye leso kabla ya kuligusa.

Wiki iliyofuata akaingia mwanamume mwenye koti, akajitambulisha kuwa ni Cephas Ondiek, ndugu wa marehemu baba yake Valary.

"Nimekuja kurekebisha ile kadi," alisema. "Rangi ni zambarau na dhahabu, kama harusi za watu. Na iandikwe, Familia ya Bwana Cephas Ondiek inawaalika."

Kaltum akamtolea karatasi ya mawazo. "Na Mama Edith nimweke wapi, mzee?"

"Wa nini? Huyo ni mke wa ndugu yangu. Kadi ya boma haiwezi kutoka kwa jina la mwanamke. Wakwe watatuonaje?"

"Lakini yeye ndiye aliyemlea."

"Wewe msichana, kazi yako ni kuandika." Akachukua kalamu ya Kaltum mwenyewe, akapiga mistari miwili mizito juu ya jina la Edith mpaka karatasi ikatoboka. "Valary anajua. Tumeongea."

Alipotoka, Kaltum alifunga mlango. Akampigia Valary simu. Valary hakujua chochote. Kabla hata hajamaliza kushangaa, Edith akachukua simu.

"Andika tu vile anataka," alisema kwa sauti ya chini. "Amesema jina langu likikaa, yeye na wazee wengine hawatakuja kupokea wakwe. Mimi nitasimama na nani?"

"Mama, amekupiga mistari kama kosa la mtoto wa shule!"

"Wacha, nyathina. Nimezoea."

Neno hilo ndilo lililomchoma Kaltum. Mtu anazoeaje kufutwa? Asubuhi yake alifunga chumba akaenda Sindo na ile karatasi iliyotoboka. Aliwakuta mama na binti wakigeuza omena kwenye nyavu zilizotandazwa juani. Hakusalimia sana. Akamkabidhi Valary karatasi.

Valary aliiangalia, akaiangalia tena upande wa nyuma, pale wino ulipotokea. Kisha akampigia anko wake mbele yao, spika ikiwa wazi ili wote wasikie.

"Anko, nilipolazwa na taifodi Rongo, ulikuja?"

"Valary, hayo ni mambo gani?"

"Nauliza tu. Ulikuja? Nilipohitimu ulikuja?"

"Mimi ndiye baba yako sasa!"

"Tangu lini? Tangu wakwe waulizie ng'ombe wa mahari?"

Edith akamshika mkono. "Basi, basi, usimtukane mkubwa wako."

"Simtukani, Mama. Anko, kadi itatoka kwa jina la mama yangu. Ukija, kiti chako kipo mbele kabisa."

Cephas akakata simu.

Kaltum aliandika kadi zote mwenyewe, kwa rangi ya mtama, na hakumsikiliza baba yake alipomwambia asiingilie boma za watu. Siku ya harusi Cephas hakuja. Wazee watatu nao hawakuja, na pale mbele viti vikabaki wazi mpaka akina mama wa sokoni wakavikalia bila kuombwa. Mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa bibi harusi, watu waligeuka kutazama vile viti vya mbele. Edith akasimama. Sauti yake ilikatika, akarudia: "Ni mimi. Mama yake."

Hemani, wakati wa chakula, jamaa mmoja alimwegemea Kaltum akamnong'oneza, "Harusi nzuri, lakini mngempa mzee heshima yake kidogo tu, haya yote hayangetokea."

"Alipewa kiti cha mbele," Kaltum akasema kwa sauti, na meza nzima ikageuka. "Alichotaka ni jina la mwenziwe lifutwe. Hiyo mnaiita heshima?"

Jamaa akarudi kwenye sahani yake.

Siku mbili baadaye Edith alipiga simu kushukuru. Katikati ya mazungumzo akataja kwamba alikuwa amempelekea Cephas nyama ya harusi.

"Umempelekea nini?"

"Nyama. Hakutoka nje. Nimemwachia mkewe, na kadi moja nimeiweka juu ya sufuria."

"Mama Edith, kwa nini lakini?"

"Ni shemeji yangu, nyathina. Tunaishi boma moja."

Kaltum alitaka kusema mengi. Aliagana naye kwa adabu, akaweka simu chini, na mpaka jioni alikuwa bado amekasirika.